Suruali Imeanguka, Sehemu ya Ishirini na Sita

Mikebe ya filamu ilishuka na treni ya Alhamisi,
ambayo ilifika Ijumaa,
maana kule Gulwe maji yalikuwa yamelamba reli tena.
Nilikuwa zamu. Nikaisainia mimi mwenyewe:
mitano, ya bati, kamba ya katani, muhuri mwekundu.
Nikaugonga mmoja kwa kidole, nikacheka peke yangu
kama mtu aliyenusa nyama kwa jirani.

Nani Dodoma hakuijua Suruali?
Jina lake la Kizungu lilituteleza ulimini,
tukaibatiza wenyewe:
Suruali Imeanguka Hospitalini,
Suruali Imeanguka Jeshini,
Suruali Imeanguka Kambi ya Mahema
(hiyo niliiona mara nne, ya nne kwa mkopo).
Waingereza walewale kila mwaka:
bwana wa nyusi, aliyeweza kutukana kwa nyusi moja tu,
mama mnene mwenye funguo kifuani,
na yule mwembamba, mwenye suruali.

Kiingereza chao tulikishika nusu.
Nusu ya pili tulimwachia Chilewa, dresa wa Mirembe,
safu ya tatu, kiti cha pembeni.
Yeye alicheka mapema, neno likiwa bado njiani,
nasi tukacheka kicheko chake.
Siku moja alipaliwa na karanga,
ukumbi mzima ukapiga makofi.

Na siri ya Waingereza wale ilikuwa hii: hawakusema.
Muuguzi ameshika mshumaa, anauliza, "Nizime?"
Basi. Anatoka.
Yaliyobaki tulijaza wenyewe, gizani, migongo imenyooka.
Mwalimu wa dini alicheka, akaenda kujutia nyumbani.
Uchafu ulikuwa wetu;
wao walileta sabuni tu.

Ijumaa ile tulijaa mpaka ngazini.

Bwana wa nyusi hayupo.
Amekufa, au amedai nyongeza, hatukuambiwa.
Kiti chake kapewa kijana mwenye sauti ya mnada,
anaeleza kila fumbo mara mbili, kisha anakonyeza
ili hata ukuta uelewe.
Dakika ya kumi, suruali ikaanguka.
Ya kumi na moja, kila kitu.
Makalio manne ya Kizungu yamesimama kwenye baridi,
yana vipele,
yanatutazama kama wadai.

Tukasikia feni.
Tukasikia mashine ikitafuna mkanda kule juu,
na mtoto wa mtu akiuliza saa ngapi inaisha.
Wakampandisha mama mnene ngazi, achunguliwe na mwezeka paa.
Tukamgeukia Chilewa, kama watu wa jangwani wanaogeukia wingu.
Alikuwa anafuta miwani.
"Anaumwa nyonga yule," alisema taratibu.
"Tazameni anavyoshusha mguu."
Tangu hapo sikuona ngono wala kichekesho.
Niliona nyonga.

Nje, Sechelela wa karanga, na karabai yake.
Chilewa akamrudishia pakiti, imejaa vilevile.
"Hukutafuna?"
"Hamu imekata, mama."
"Zingekuwa mbichi, ningelaumiwa mimi. Ni kavu, zina chumvi.
Basi kasoro si karanga, dresa.
Mwulize mkeo habari za mchi."
Wala hakutabasamu. Alikuwa anahesabu chenji ya mtu mwingine.

Hapo tulianguka sisi,
suruali zetu ziko salama kiunoni.
Mwalimu wa dini alishika nguzo ya umeme kwa mikono miwili.
Chilewa alichelewa; kwa mara ya kwanza tulimtangulia,
kisha kikamtoka, kile cha safu ya tatu,
na vumbi la Uhindini likamwingia kooni.

Jumapili nikaipakia mikebe, treni ya kwenda bara.
Simu ya reli ikalia: Mihayo, karani wa Tabora, mtani wangu,
aliyekula kuku wangu mwaka juzi akaniachia shingo.
"Mgogo! Umeiona? Inachekesha?"
Nikatazama ile kamba ya katani.
Nikamfikiria kuku.

"Wahi kiti cha mbele," nikamwambia,
"na uje na mama mkwe."